Katharine Blodgett, mwanamke aliyekivika kioo utando

Kuanzia Mtumba hadi Kongwa, nyumba nyingi mpya zina madirisha makubwa ya alumini na vioo. Mwanga tunaupata, lakini jua la Oktoba likiingia, chumba kinakuwa tanuri na feni inakula umeme wa LUKU. Je, kioo kinaweza kupitisha mwanga na kuzuia joto? Kinaweza, kikipakwa utando mwembamba. Leo tunamkumbuka mmoja wa waliofungua njia hiyo.

Katharine Blodgett alizaliwa Januari 10, 1898 mjini Schenectady, Marekani. Hakumwona baba yake, mwanasheria wa kampuni ya General Electric, kwani aliuawa na mwizi nyumbani wiki chache kabla binti huyo hajazaliwa. Alilelewa na mama yake, akasoma sana. Mwaka 1918 aliajiriwa na kampuni hiyohiyo, akiwa mwanasayansi wa kwanza mwanamke katika maabara yake ya utafiti. Mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Msikilizaji, umewahi kuona tone la mafuta likitandaa kwenye dimbwi na kutoa rangi za upinde wa mvua? Rangi hizo hutegemea unene wa utando. Katharine alichovya kioo kwenye maji yenye utando wa mafuta wa molekuli moja, akarudia tabaka juu ya tabaka, akipima unene kwa kutazama rangi. Mwaka 1938 alitangaza kioo chenye tabaka 44. Mwanga uliorudi kutoka juu ya utando na ule uliorudi kutoka chini yake ulifutana. Kioo kikaacha kung'aa, kikapitisha takriban asilimia 99 ya mwanga.

Kasoro ilikuwepo: utando ule ulifutika kwa kitambaa, wala haukuzuia joto. Lakini ulionyesha kwamba unene wa utando unaamua mwanga upi upite na upi urudi. Wengine wakatengeneza tando ngumu zaidi. Katharine alistaafu mwaka 1963 na kufariki Oktoba 12, 1979.

Siku hizi utando wa madini ya fedha hupitisha mwanga na kurudisha miale ya joto. Hata kwetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uppsala, Sweden, wamechunguza utando wa vanadi, ambao ukipata joto huzuia miale hiyo wenyewe. Ugumu ni kwamba hubadilika kwenye nyuzi 68 hivi, joto ambalo ni kubwa mno kwa dirisha la nyumbani, hivyo huchanganywa na madini mengine ili kulishusha.

Wewe unayejenga sasa, anza na lisilo na gharama: madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, si magharibi.