Dijkstra: Mholanzi aliyeuonyesha mtandao njia fupi

MNAMO mwaka wa 1957, Edsger Dijkstra alipokuwa akifunga ndoa jijini Amsterdam, Uholanzi, alitakiwa kutaja kazi yake. Alisema alikuwa mtayarishaji wa programu za tarakilishi. Maafisa walikataa kwa kuwa hawakuitambua kazi hiyo, ikambidi ajiandikishe kama mwanafizikia.

Hata hivyo, mwaka mmoja awali alikuwa amebuni kanuni ambayo hadi leo huelekeza data katika mitandao mingi duniani.

Dijkstra alizaliwa Mei 11, 1930, jijini Rotterdam. Babake alikuwa mwanakemia na mamake mwanahisabati. Alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden, na mwaka wa 1952 akaanza kazi katika Kituo cha Hisabati, Amsterdam.

Mwaka wa 1956 kituo hicho kilikuwa kikijiandaa kuzindua tarakilishi mpya, ARMAC. Dijkstra alitaka swali ambalo hata wageni wasio wataalamu wangelielewa: ni ipi njia fupi zaidi kutoka mji mmoja hadi mwingine? Akiwa ameketi mkahawani na mchumba wake, Ria, alilipatia jibu kwa takriban dakika 20, bila kalamu wala karatasi. Katika maonyesho alitumia ramani ya miji 64 ya Uholanzi.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Huanzia mji wa kwanza na kuchagua ulio karibu zaidi. Kisha hupima iwapo kupitia hapo kunafupisha safari ya kwenda miji jirani, na kurudia hatua hizo hadi miji yote ikamilike. Aliichapisha mwaka wa 1959 katika makala ya kurasa tatu tu.

Miaka 20 baadaye, ARPANET, mtandao wa Marekani uliozaa intaneti, ulikuwa mashakani. Kila mtambo wa kuelekeza data ulitegemea makadirio ya jirani yake. Habari za njia iliyokatika zilisambaa polepole, na data ikawa inazunguka pasipo kufika.

Mnamo 1979 utaratibu ulibadilishwa. Kila mtambo ulianza kupima viungo vyake wenyewe tu na kuitangazia mitambo yote hali ya viungo hivyo. Kutokana na matangazo hayo, kila mtambo ulijichorea ramani ya mtandao mzima, ukatumia kanuni ya Dijkstra kukokotoa njia bora.

Itifaki za OSPF na IS-IS zilirithi mfumo huo. Kila tangazo hupewa nambari ili la zamani lisidhaniwe kuwa jipya, kwani mitambo yenye ramani zinazotofautiana huweza kurudishiana data bila kikomo. Kiungo kikikatika, tangazo husambazwa na hesabu kurudiwa.

Dijkstra alituzwa Tuzo ya Turing mwaka wa 1972, heshima kuu katika taaluma ya tarakilishi. Kuanzia 1984 hadi 1999 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, huku akiendelea kuandika maelezo yake kwa kalamu ya wino.

Alifariki Agosti 6, 2002, nyumbani kwake Nuenen, Uholanzi, kutokana na saratani, akiwa na umri wa miaka 72. Kebo inapokatika na ujumbe ukafika kwa kupitia kwingine, mara nyingi huwa ni hesabu yake iliyoonyesha njia.