Ibn Sina, tabibu aliyeweka mazoezi mbele ya dawa

Jina la Abu Ali Husein bin Abdallah bin Sina si geni kwa msomaji wa pwani. Wengi wetu tulilisikia tangu tukiwa chuoni, likitajwa pamoja na majina ya Al-Farabi na Al-Ghazali, na aghalabu kwa habari ya falsafa na mabishano yake. Leo napenda nimzungumzie kwa upande mwingine ambao naona umesahauliwa, nao ni mafundisho yake juu ya kuutumikisha mwili. Mafundisho hayo yanamhusu hasa yule ndugu yetu ambaye mgongo na kiuno vimemshika miezi na miaka, akiinuka anashika ukuta, na kwenye sala anatafuta kiti.

Ibn Sina alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake alitoka Balkh, naye alikuwa mtumishi wa serikali ya Wasamani. Kijana alipotimiza miaka kumi alikuwa amekwisha kuihifadhi Kurani, na watu wakimstaajabia. Hesabu za Kihindi alifunzwa na muuza mboga, jambo ambalo mimi hunifurahisha kila nikilikumbuka, kwani elimu haichagui baraza. Kitabu kimoja cha Aristotle alikisoma mara arubaini bila ya kukifahamu, mpaka siku moja sokoni dalali akamshika ili anunue kijitabu cha Al-Farabi kwa dirham tatu, na kijitabu hicho ndicho kilichomfungulia mlango.

Utabibu aliuona mwepesi. Alipokuwa na miaka kumi na sita, matabibu watu wazima walikuwa wakija kusoma kwake. Amiri Nuh bin Mansur aliposhikwa na maradhi yaliyowashinda waganga wa jumba lake, kijana huyu aliitwa kushiriki katika matibabu, na kwa ajili hiyo akapata ruhusa ya kuingia katika maktaba ya kifalme, ambayo ilikuwa na vyumba vilivyojaa makasha ya vitabu.

Basi mtu angedhani kwamba mwanachuoni kama huyu aliishi kwa raha, akiandika kivulini. Sivyo. Baba yake alikufa, dola ya Wasamani ikaanguka, naye akawa mtu wa kuhama mji hata mji: Gurganj, Jurjan, Rayy, Hamadan, kisha Isfahan. Huko Jurjan ndiko alikokutana na mwanafunzi wake Al-Juzjani, ambaye alifuatana naye mpaka mwisho na kutuhifadhia habari zake, na huko ndiko alikoanza kuandika kitabu chake kikubwa cha utabibu, Al-Qanun fi al-Tibb. Hamadan alimtibu Amiri Shams al-Dawla tumbo lililokuwa likimsokota, akafanywa waziri. Askari wakamgeukia, wakaipora nyumba yake na kutaka auawe, akajificha siku arubaini, hata amiri alipougua tena ndipo alipotafutwa na kurudishiwa cheo chake. Mchana alifanya kazi ya serikali, usiku wanafunzi wakikusanyika kwake kusoma. Amiri alipokufa, Ibn Sina alifungwa katika ngome ya Fardajan miezi minne, na hata humo aliandika. Al-Qanun kilikamilika yapata mwaka 1025, kikiwa na sehemu tano.

Katika sehemu ya kwanza ya kitabu hicho ndimo alimoeleza habari ya riyadha. Sisi Waswahili tunalo neno hilo hilo, riadha, ingawa tumelibana likawa la wakimbiaji na medali. Kwa Ibn Sina riyadha ni kila mwendo wa hiari unaomfanya mtu avute pumzi kwa nguvu na kwa haraka. Alipotaja nguzo za kulinda siha, alianza na mazoezi, kisha chakula, kisha usingizi, na akaona kuwa anayefanya mazoezi kwa kiasi na kwa wakati wake huepukana na haja ya dawa nyingi. Aina alizozitaja ni nyingi: mieleka, mbio, kutembea kwa haraka, kutupa mishale, kupanda farasi, kubembea. Hata safari ya chombo aliihesabu, akieleza kwamba mawimbi humtikisa mtu mwili na moyo pia, kwa kumpitisha baina ya hofu na furaha. Wavuvi wetu watamwelewa vizuri zaidi kuliko mimi.

Lakini hakuwaambia watu wajitupe tu. Alitaka mazoezi yafanywe tumbo likiwa limekwisha kusaga chakula, yapimwe kwa nguvu ya mwenyewe, na yaachwe mara uchovu unapoingia. Mwenye mishipa ya miguu iliyovimba alimtaka asiitumikishe sana miguu yake, bali atumie viungo vya juu. Kabla ya mazoezi alitaka mwili usuguliwe ili uwe tayari, na baada yake uchuliwe taratibu ili uchovu utoke. Bibi zetu wanaochua kwa mafuta hawakukisoma Al-Qanun, lakini wangekaa naye baraza moja wakaelewana.

Maumivu ya mgongo aliyaeleza mbali, katika sehemu ya tatu. Miongoni mwa sababu zake alitaja baridi, balghamu, kazi nzito na maradhi ya figo. Hapa yafaa tuseme kweli. Elimu ya zamani iliugawa mwili kwa vimiminiko vinne, na elimu hiyo imekwisha kuachwa. Imetubakia katika maneno tu, kama balghamu na safura, na katika kauli yetu kwamba mtu ameingiwa na baridi ya mgongo. Hali kadhalika alirithi kutoka kwa Wayunani ufundi wa kuuvuta na kuukandamiza uti wa mgongo uliopinda. Kwa maumivu ya kiuno ya siku nyingi, kuvutwa huko hakupendekezwi tena. Kilichosimama ni ile sura ya mazoezi, ambayo wala hakuiandika kwa ajili ya mgongo peke yake.

Nalisema hili kwa kuwa mimi mwenyewe ni mtu wa kiuno. Tabibu mmoja aliwahi kuniambia nilale chali wiki mbili na nifunge mshipi mpana, nikatoka kitandani miguu inatetemeka na maumivu yako pale pale. Mwingine, miezi baadaye, alinitaka nitembee kila siku, nianze kwa mwendo mdogo na kuuzidisha polepole, nisiogope maumivu madogo. Huyo wa pili ndiye niliyemfuata, na ndiye ambaye wataalamu wengi sasa wanakubaliana naye. Maumivu ya kiuno yanayopita miezi mitatu, yasiyo na ugonjwa mahsusi nyuma yake, mara nyingi hayana maana kwamba kitu kinazidi kuvunjika ndani. Kulala sana hudhoofisha misuli ya mgongo na ya tumbo, na hofu ya kujinyoosha humfanya mtu azidi kukakamaa.

Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya yale ya muda mrefu, likapendekeza mazoezi yenye mpango, mafunzo kwa mgonjwa, na kuchuliwa pia, na likakataa mishipi ya kiuno, kuvutwa, na dawa za jamii ya afyuni. Mapema, mwaka 2021, ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 249, ukaonyesha kwamba mazoezi hupunguza maumivu kwa takriban pointi 15 katika mia, yakilinganishwa na kutofanya tiba au na tiba ya kawaida. Si muujiza, lakini ni nafuu, na hakuna aina moja ya mazoezi iliyozishinda zote kwa mbali. Huko Australia, katika utafiti wa watu 701 waliokwisha kupona kiuno, uliochapishwa 2024, nusu ya waliofundishwa kutembea walikaa siku 208 au zaidi kabla ya maumivu kurudi. Kwa wenzao wasiofundishwa zilikuwa 112. Kutembea hakuna ada. Hata hivyo, mwenye ganzi ya mapajani, aliyeshindwa kuzuia mkojo, mwenye homa, au aliyeanguka vibaya, huyo asianze na mazoezi, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Al-Qanun kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, kikasomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya kwa mamia ya miaka, na mwaka 1593 kikachapishwa kwa Kiarabu mjini Roma. Nyumbani sifa zake hazikukosa doa. Al-Ghazali, baada yake, aliipinga vikali falsafa yake katika masuala ya dini, na mjadala huo ni wa wanavyuoni, si wangu. Katika utabibu hawakukosa kumheshimu.

Ajabu ni kwamba mwandishi huyu wa kanuni za siha hakuutunza mwili wake. Al-Juzjani hakumficha: alikesha, alifanya kazi bila ya kiasi na alijiachia katika starehe. Akiwa safarini na Amiri Ala al-Dawla wa Isfahan alishikwa na msokoto wa tumbo, na kwa haraka ya kutaka kupona asiachwe nyuma na jeshi akajipiga bomba mara nane kwa siku moja, matumbo yakachubuka. Alipata nafuu kidogo, akasafiri tena kabla ya kupona. Walipofika Hamadan aliona nguvu zimemwisha, akaacha kujitibu. Alifariki katika mwezi wa Ramadhani mwaka 428 wa Hijria, yaani 1037, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba hivi, na kaburi lake liko Hamadan mpaka leo.