Monseigneur Luc Gillon, padri aliyeleta atomu Congo

Wandugu wachimbaji, ninyi wa Fataki, Mongbwalu na kila shimo la Ituri, pamoja na mama na vijana wa nyumba zenu, leo tunawaelezea maisha ya mutu mwenye jina kubwa katika inchi yetu.

Luc Gillon alizaliwa Ubelgiji mwaka 1920. Alikuwa padri, tena mutu wa fizike. Alisoma Louvain, kisha Princeton kule Marekani. Mapadri wengine walitumwa Congo kujenga misioni. Yeye alikuja kujenga universite. Mwaka 1954 Lovanium ikafunguliwa kule Kimwenza, karibu na Léopoldville, naye akawa rekteri wa kwanza.

Sisi wa shimo tunajua mashini haikuji bure. Uraniyumu ya bomu za kwanza za Marekani, sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Waliochimba ni ndugu zetu. Wengine walichagua mawe yale kwa mikono, na hakuna aliyewaeleza yanaenda kufanya nini. Uraniyumu ile ndiyo ilifungulia Wabelgiji mulango wa elimu ya atomu kwa Wamarekani, na Gillon akapita mulango ule ule. Akatafuta ruhusa, akatafuta feza, mpaka mwaka 1959 reaktere TRICO ikawaka pale Lovanium. Ilikuwa ya kwanza katika Afrika yote.

Ilikuwa ndogo, kilowati 50 tu, na haikuwasha hata taa moja ya muji. Kazi yake ilikuwa kufundisha, na kusaidia utafiti wa udaktari na ukulima.

Uhuru ulipofika, wazungu wengi walikimbia. Gillon alibaki. Mwaka 1967 aliachia kiti Mukongomani, Monseigneur Tshibangu. Mwaka 1972 ikawaka TRICO II, kilowati 1000, chini ya uongozi wa profesa Malu wa Kalenga, Mukongomani pia. Gillon alikufa mwaka 1998.

Na mashini? TRICO II ilizimwa mwaka 2004, haijafanya kazi tena. Feza ilikosa, vipuli pia. Kununua mashini ni kazi ya siku moja. Kuilisha ni kazi ya miaka, sawa vile kulisha mutoto.

Hapo ndipo maisha yake yanatugusa. Elimu kubwa kule ng'ambo inakula madini yetu: jana uraniyumu, leo koltani na kobalti. Dhahabu ya Ituri nayo inavuka mupaka kila siku. Sheria ya mines ya 2018 inatenga asilimia 10 ya redevansi kwa vizazi vinavyokuja. Basi tuulize Leta, kila mukutano, bila kuchoka: kutoka feza ile, laboratware ngapi zimejengwa? Watoto wangapi wa wachimbaji wanasoma fizike?

Padri mumoja alijua kuomba mpaka akapewa. Sisi wenye kuchimba tuko na haki ya kudai kumupita yeye.