Branch Rickey: Msee aliyefunza Marekani kusaka chipukizi, kisha akaona orodha yao ina pengo

Kama wewe ni mtu wa mpira, unajua ile ngoma ya kila msimu. Wasee wanabishana ni kijana gani wa akademia atatoboa na ni nani amesifiwa bure. Marekani, kwa mchezo wa besiboli, ubishi huo ni kazi ya watu wazima na wanalipwa. Kila mwaka zinatoka orodha za chipukizi 100 bora wa ligi ndogo, namba moja hadi mia, na timu kubwa zinaweka doo ndefu nyuma ya majina hayo.

Mchezo huu wa kusoma kijana leo ili ujue atakuwa nani kesho una baba yake. Anaitwa Branch Rickey. Alikufa 1965, lakini kila skauti anayekaa kwa jua na saa mkononi bado anafanya kazi yake.

Mchezaji wa kawaida sana

Rickey alizaliwa Desemba 20, 1881, ocha huko kusini mwa Ohio, kwa familia ya wakulima Wamethodisti. Dini ilimkaa kabisa. Hata alipokuwa mchezaji wa kulipwa hakuingia uwanjani Jumapili, na hiyo ilimkosanisha na mabosi.

Uwanjani alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Hapa hatutadanganyana, hakuwa mkali. Juni 1907, akiwa na New York Highlanders na mkono wake ukiuma, wapinzani kutoka Washington walimwibia besi 13 kwa mechi moja. Kuiba besi ni mkimbiaji kuchomoka hadi kituo kinachofuata kabla mpira wa mdakaji haujafika. Mara 13! Hiyo ni rekodi ya aibu ambayo bado inatajwa.

Mambo hayakuishia hapo. Alishikwa na kifua kikuu, akalazwa Saranac Lake, New York. Akapona, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Michigan huku akifunza timu ya chuo besiboli. Akafungua ofisi ya uwakili Boise, Idaho, wateja wakakataa kuja. Akarudi kwa besiboli, safari hii kama mtu wa ofisini. Hapo ndipo alipata rada yake.

Klabu iliyosota yaanzisha shamba

Mwaka wa 1917 alichukua usukani wa St. Louis Cardinals. Klabu ilikuwa imesota vibaya. Wakati huo timu za ligi ndogo zilijitegemea. Zilikuza vijana kisha zikawauza kwa yeyote mwenye pesa. Rickey angemwona kijana mkali mapema kuliko wote, lakini akiuliza bei tu, masonko wa New York wanasikia, wanapandisha dau, na kijana anaenda zake.

Akachanuka. Kama huwezi kununua mavuno, nunua shamba. Cardinals wakaanza kununua hisa za timu ndogo, kama Houston na Syracuse, na baadaye wakashikilia zaidi ya timu 30. Kijana anaingia ngazi ya chini, akifanya vizuri anapandishwa, hadi afike St. Louis ama apotelee njiani. Mwaka wa 1926 Cardinals waliwachapa Yankees wakachukua ubingwa wa nchi. Kombe zingine zikafuata 1931, 1934 na 1942.

Alama mbili kwa kila kijana

Ukiwa na mamia ya vijana, lazima uwapange. Rickey alifungua kambi za majaribio, vijana wakaja kwa wingi, wakakimbia, wakarusha na kupiga mbele ya maskauti wake. Alianza na miguu na mkono. Aliamini kupiga mpira kunaweza kunolewa, lakini kasi na nguvu ya mkono ni vitu mtu anakuja navyo. Pia, kasi inakusaidia ukishambulia na ukilinda.

Leo maskauti wanapima vitu vitano: kupiga kwa uhakika, nguvu ya kupiga mbali, kukimbia, kudaka na kurusha. Kila kimoja kinapewa alama kati ya 20 na 80, na 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu. Wengi humpa Rickey sifa za kipimo hicho. Utamu wake ni kwamba kila kitu kinapata alama mbili: ya leo, na ya vile skauti anaamini kijana atakuwa akikomaa. Pesa zote ziko kwa ile ya pili.

Mfano ni Stan Musial. Alisajiliwa akiwa kijana wa kurusha mpira, lakini 1940 akaanguka, bega likaharibika. Kama mrushaji, alikuwa ameisha. Lakini kwa ligi ndogo walikuwa wameona akishika gongo ni mtu mwingine. Septemba 1941 alikuwa ligi kuu, na alistaafu na mapigo 3,630, mmoja wa wapigaji wakali zaidi katika historia.

Lakini shamba lilikuwa na upande wa giza. Kijana akishasaini, hakuwa na uhuru wa kuhama. Wengi walikaa ligi ndogo miaka na miaka kwa mshahara kiduchu, na njia ya juu imezibwa na wenzao. Mwaka wa 1938 mkuu wa besiboli, Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliwaachilia huru vijana 74 wa Cardinals. Rickey alijulikana kuwa mkono wa birika, na kila mchezaji akiuzwa, yeye alipata sehemu yake. Hakuwa malaika.

Pengo kwenye orodha

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1903 Rickey alikuwa kocha wa chuo cha Ohio Wesleyan. Timu ilisafiri hadi South Bend, Indiana, na hoteli ikakataa kumpa chumba Charles Thomas, mchezaji pekee mweusi. Rickey alibishana hadi Thomas akaruhusiwa kulala kwa kitanda cha ziada chumbani mwake. Usiku huo alimkuta kijana analia, anasugua mikono yake kama mtu anayetaka kuitoa ngozi. Rickey alisimulia kisa hicho hadi uzeeni.

Fikiria basi. Kwa miaka mingi alipanga maelfu ya vijana, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mweusi. Besiboli ya weupe ilikuwa imewafungia nje tangu karne ya 19. Haijalishi macho yako ni makali vipi, orodha yako ni ya uongo kama wengine hawaruhusiwi kufika majaribio.

Akiwa Brooklyn Dodgers, Agosti 28, 1945, alimwita Jackie Robinson wa Kansas City Monarchs ofisini. Kwa karibu saa tatu alimtupia matusi yote ambayo angekutana nayo, aone kama atavumilia bila kurudisha ngumi. Kwa kipimo cha kawaida Robinson alikuwa amechelewa, miaka 26 tayari. Rickey alipima kitu ambacho hakikuwa kwa karatasi ya skauti yeyote.

Robinson alipelekwa ligi ndogo, Montreal, 1946. Akapiga wastani wa .349, bora kuliko wote kwenye ligi hiyo. Aprili 15, 1947 akaingia ligi kuu, na mwisho wa msimu akatajwa mchezaji mpya bora. Rickey alitaka haki, ndiyo, lakini pia alitaka ushindi na viingilio. Na Monarchs hawakulipwa hata senti.

Jicho la mwisho

Mwaka wa 1954 Rickey alikuwa Pittsburgh Pirates, timu mkiani. Dodgers walikuwa wamemficha kijana wa Puerto Rico huko Montreal, wakimchezesha kidogo ili wengine wasimwone. Skauti wa Rickey alimwona tu akirusha mpira mazoezini. Pirates wakamchukua kwa dola 4,000. Jina lake Roberto Clemente, na alimaliza na mapigo 3,000 kamili.

Novemba 1965 Rickey alianguka akihutubia watu Columbia, Missouri, na Desemba 9 akafariki, siku 11 kabla ya kufikisha miaka 84.

Orodha za chipukizi bado zinatoka kila mwaka, na majina mengi ya juu ni ya vijana weusi na wa visiwa vya Karibi. Miaka 80 iliyopita hakuna ambaye angewaandika. Kwa hivyo ukiambiwa uko namba ngapi, ama hauko kabisa, uliza kwanza ni nani alishika kalamu, na ni akina nani waliachwa nje ya geti.