Joseph Thomson: Mpanda Milima Aliyefuata Njia ya Waswahili hadi Ziwa Viktoria

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kuja Kisumu kwa barabara huuona Mlima Longonot upande wake wa kushoto, na upande wa kulia huiona safu ya Nyandarua ikiwa imejifunika ukungu. Baadaye hupanda tena nyanda za juu, kisha huteremka hadi tambarare za Kano na kuliona ziwa. Leo hii safari hiyo huchukua muda usiozidi siku moja. Mnamo 1883, kijana wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 25, Joseph Thomson, alitumia miezi mingi kutembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi ufuo wa ziwa hilohilo. Katika ramani za Wazungu, jina lake liliandikwa kama la mtu aliyeifungua njia hiyo. Makala haya yananuia kusimulia maisha yake kwa ufupi, na papo hapo kuuliza swali linalotuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili: je, njia hiyo ilikuwa imefungwa kwa nani?

Malezi na Elimu

Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe ambaye baadaye alimiliki machimbo. Kijana huyu alikulia kati ya vilima na miamba, na haishangazi kwamba alipojiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh alivutiwa mno na elimu ya miamba. Milima kwake haikuwa mandhari tu. Kila alipouona mlima alitaka kujua umeumbwa kwa mawe gani, na kama uliwahi kutoa moto.

Mnamo 1878 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimteua aandamane na Keith Johnston katika safari ya kuelekea maziwa ya Afrika ya Kati. Msafara uliondoka Dar es Salaam mwaka wa 1879, lakini haukufika mbali kabla ya msiba kuukumba. Johnston aliugua kuhara damu, akafariki huko Behobeho tarehe 28 Juni. Thomson, akiwa na miaka 21 tu, alijikuta kiongozi wa msafara katika nchi asiyoijua. Kilichomwokoa ni kuwa na nyapara hodari, Chuma, yule aliyekuwa miongoni mwa watumishi waliousafirisha mwili wa Livingstone hadi pwani. Kwa msaada wake, Thomson alifika Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, akaliona pia Ziwa Rukwa, kisha akarejea salama mwaka wa 1880.

Mwaka uliofuata, Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma atafute makaa ya mawe katika bonde la Mto Ruvuma. Thomson aliyachunguza mawe, akaona hapakuwa na makaa yenye faida, naye akamweleza Sultani ukweli huo. Habari hizo hazikumpendeza Sultani, na wawili hao waliachana bila furaha.

Safari ya Umasaini

Wakati huo Wazungu walitamani njia fupi kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, lakini waliihofia nchi ya Wamasai. Ikumbukwe kwamba wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakipita humo kwa miaka mingi kutafuta pembe za ndovu. Mmoja wao, Sadi bin Ahedi, aliwahi kumsimulia mmisionari Wakefield njia za misafara kituo baada ya kituo, na maelezo hayo yakachapishwa London mnamo 1870. Kwa hiyo, kabla Thomson hajavaa viatu vyake, njia ilikwisha kusimuliwa kwa kinywa cha mtu wa pwani.

Thomson aliondoka Mombasa mwezi Machi 1883. Alipofika Kilimanjaro alijaribu kuupanda kwa siku moja, akafika kimo cha takriban mita 2,700 kabla ya kugeuka. Muda si muda mambo yalimwendea mrama. Mjerumani Gustav Fischer alikuwa amemtangulia na kugombana na Wamasai, na nchi ikachafuka. Thomson hakuona aibu kurudi nyuma. Alirejea Mombasa kuongeza watu na bidhaa, kisha akaondoka tena mwezi Julai. Safari hii aliungana na Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara mzoefu wa pembe aliyewajua wazee wa Kimasai, kiwango cha hongo na visima vya maji. Mwenda pole hajikwai, na hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya Thomson: alipendelea kungoja, kulipa na kujadiliana kuliko kuelekeza bunduki.

Karibu na Naivasha alipanda Longonot na kusimama kwenye ukingo wa shimo lake. Kina kile kilimtia kizunguzungu hata akahisi kana kwamba kinamvuta ajitupe ndani. Kutoka hapo aliwaacha wenzake wengi waendelee na njia ya kawaida kuelekea Baringo, naye akachukua kikosi kidogo kupitia Laikipia ili auone Mlima Kenya. Ni katika mzunguko huo alipoiona kwa karibu safu ya Nyandarua, akaipa jina la Lord Aberdare, mheshimiwa wa Uingereza aliyekuwa rais wa chama kilichomtuma. Maporomoko ya Nyahururu nayo, yenye urefu wa takriban mita 74, yakaja kuitwa kwa jina lake mwenyewe.

Anayepanda Nyandarua leo hupita kwanza msitu mzito, kisha mianzi, na zaidi ya mita 3,000 hutokea kwenye uwanda wa nyasi ngumu zilizoota kwa mafungu, ardhi ya majimaji, baridi na ukungu, ambapo lobelia husimama mrefu kumzidi mtu. Sehemu hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1950. Vilele vyake vikuu, Ol Donyo Lesatima wenye takriban mita 4,000 na Kinangop wenye mita 3,906, bado vina majina ya wenyeji, ilhali hifadhi yenyewe ingali inaitwa Aberdare.

Ufuoni mwa Ziwa

Kutoka Baringo, Thomson alivuka nyanda za juu na kuteremka katika nchi ambayo watu wa misafara waliiita Kavirondo. Huko Wanga alipokewa na kijana Mumia, aliyekuwa ameirithi enzi ya baba yake Shiundu muda mfupi uliopita. Mgeni huyu hakuwa kioja kikubwa, kwa kuwa misafara ya pwani ilikwisha kuzoea kupumzika hapo. Tarehe 10 Desemba 1883 alifika ufuoni, katika nchi ya Wasamia, kaskazini-magharibi mwa ghuba ambako mji wa Kisumu ulikuwa bado haujajengwa.

Akiwa njiani kurudi aligeukia Mlima Elgon, mlima mwingine ambao nyika zake za juu zina lobelia na baridi kali. Huko aliyaona mapango makubwa yaliyokaliwa na watu pamoja na mifugo yao. Alidhani kwamba mapango hayo yalichimbwa na watu wa kale kutoka Misri waliotafuta vito. Dhana hiyo haikusimama. Inafahamika sasa kwamba maji, ndovu wanaokwangua kuta wakitafuta chumvi, na wenyeji wenyewe ndio walioyapanua. Mtaalamu wa miamba alishindwa kusadiki kwamba kazi ile ilifanywa papo hapo.

Siku ya mwisho ya mwaka huo alimfyatulia nyati risasi, akamkaribia akidhani amekufa. Nyati aliinuka, akamrusha kwa pembe. Thomson akabebwa na wapagazi wake kwa siku nyingi. Alipopata nafuu, kuhara damu kulimlaza kwa majuma kadhaa mahali palipoitwa Mianzini, kwenye nyanda za baridi mashariki mwa Naivasha. Jina hilo ni Kiswahili safi: mahali penye mianzi. Watu wa msafara walikuwa wamekwisha kuupa mbavu za Nyandarua jina kwa lugha yao, na mgonjwa alilala ndani ya neno hilo. Alifika pwani katikati ya mwaka wa 1884.

Miaka ya Mwisho

Mnamo 1885 alitunukiwa nishani ya dhahabu na kuchapisha kitabu chake cha safari ya Umasaini. Mwaka huohuo alikwenda Sokoto kutafuta mikataba kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza. Mnamo 1888 alipanda milima ya Atlas nchini Morocco. Mwaka wa 1890 alitumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kuelekea Katanga, lakini ndui iliuvamia msafara wake, asifike. Mwili wake haukupona tena. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka 37.

Tathmini na Hitimisho

Thomson astahili sifa kwa upole wake njiani, hasa akilinganishwa na wengine wa zama zake waliopita wakimwaga damu. Hata hivyo, hakuwa malaika. Aliwahadaa Wamasai kwa meno yake ya bandia na chumvi ya dawa itokayo povu, akijifanya mganga. Njia aliyoichora ilifuatwa na wengine: Askofu Hannington aliifuata mwaka wa 1885 na kuuawa Busoga, na tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika Kisumu, ikiwa imebeba ukoloni pamoja na shehena zake.

Turudi basi kwa swali letu. Njia haikuwa imefungwa kwa Jumbe Kimameta wala kwa Sadi bin Ahedi. Ilikuwa imefungwa kwa Wazungu tu. Funguo zilikuwa mikononi mwa wenyeji na watu wa misafara, na lugha iliyowaunganisha wapagazi, wafanyabiashara na wageni ilikuwa Kiswahili. Yafaa kuwakumbusha wale wanaodai kwamba Kiswahili kililetwa kanda ya ziwa na reli: kilitangulia kwa miguu, kikiwa na mzigo kichwani. Kwa hiyo, msomaji mpendwa, siku utakapopanda Elgon au Nyandarua, uliza kila kilele kinaitwaje na nani alikiita hivyo. Thomson aliandika majina mengi katika ramani yake. Ya wale waliombeba kutoka Elgon baada ya kurushwa na nyati, mengi hayakuandikwa, na kuyatafuta ni kazi iliyobaki kwetu.