Kasa-Vubu, mkubwa wa komini kabla ya kuwa rais

Watu mingi wanamjua Joseph Kasa-Vubu kama rais wa kwanza wa Kongo. Wachache njo wanakumbuka kwamba mbele ya ile kazi alikuwa burgumestre, mkubwa wa komini. Tangu uchaguzi wa Desemba 2023 tuko na makonseye wa komini, basi maisha yake yanatuhusu.

Alizaliwa Mayombe, upande wa Tshela. Alisoma seminari lakini hakufika kuwa padri. Akafundisha shule, kisha mwaka wa 1942 akawa karani wa feza katika serikali ya Wabeleji. Mwaka wa 1954 alichaguliwa kuongoza chama cha ABAKO.

Desemba 1957, Wabeleji waliruhusu uchaguzi wa komini katika miji mitatu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Wanaume peke yao njo walipiga kura. Kule Léopoldville ABAKO ilishinda sana, na Kasa-Vubu akapata komini ya Dendale.

Ile kiti ilikuwa na mtego. Ilileta cheo, mshahara na heshima, lakini nguvu yenyewe ilibaki kwa mkoloni. Angeweza kunyamaza na kula mshahara wake. Lakini siku ya kuingia kazini, tarehe 20 Aprili 1958, alisimama mbele ya wakubwa akaomba uchaguzi wa inchi yote na Wakongo wajitawale. Wakampa onyo. Yeye akaendelea.

Tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa ABAKO ulikatazwa, fujo ikawaka mjini, watu mingi wakakufa. Kasa-Vubu akafungwa, pamoja na maburgumestre wenzake Gaston Diomi na Arthur Pinzi. Maneno ya ile siku ya kwanza yalikuwa na bei, naye alilipa.

Hatusemi alikuwa malaika. Tarehe 5 Septemba 1960, yeye sasa ni rais, alimfukuza Lumumba kwa njia ya redio. Miezi minne nyuma yake Lumumba aliuawa Katanga, na kuko wale hawajamsamehe mpaka leo. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akamwondoa. Hakuita watu wapigane juu ya kiti chake. Alienda kuishi Boma, akafia kule tarehe 24 Machi 1969. Dendale leo inaitwa komini ya Kasa-Vubu.

Konseye wa leo ana kazi ambayo sheria imempa: kuchagua burgumestre, kupitisha bajeti ya komini, kuangalia feza ya soko na taksi inaenda wapi. Kura yake ikiuzwa, komini nzima imeuzwa, pamoja na mama anayelipa taksi kila asubuhi sokoni.

Kwa hiyo, ukikutana na konseye wako kwenye kartye, muulize kwa heshima: yale ulituambia wakati wa kampeni, umeyasema mara ngapi ndani ya baraza?