Percy Julian, mtu mweusi aliyetoa dawa ndani ya soja

Hapa Vitshumbi tunaishi na samaki, lakini unga wa soja nao tunaujua: mama anauchanganya kwenye uji wa mtoto aliyekonda. Kumbe mbegu hiyo hiyo ilisaidia kushusha bei ya dawa ambazo leo ziko karibu kila farmasi. Kazi hiyo iliongozwa na mtu mweusi, Percy Julian.

Alizaliwa mwaka 1899 huko Montgomery, Marekani, mjukuu wa watumwa. Mwaka 1920 alimaliza chuo kikuu cha DePauw akiwa wa kwanza. Harvard ilimpa digrii ya pili, lakini njia ya udaktari ikafungwa juu ya rangi yake. Akavuka bahari, akaupata Vienna, Austria, mwaka 1931.

Mwaka 1936 kampuni ya Glidden, Chicago, ikamchukua. Siku moja maji yaliingia ndani ya tangi la mafuta ya soja. Mafuta yaliharibika, lakini Julian akaona chembe nyeupe ndani yake: stigmasteroli. Kutoka hapo akatengeneza kwa wingi progesteroni, homoni inayolinda mimba. Mwaka 1949 akatengeneza dutu S, iliyopungukiwa atomu moja tu ya oksijeni ili iwe hidrokotizoni, dawa ya viungo vilivyovimba. Wakati huo kotizoni ilitolewa kwenye nyongo ya ng'ombe, na bei ilikuwa kali sana.

Steroidi zote ni ndugu, kama nyumba zenye msingi mmoja: pete nne za kaboni. Ukibadilisha kitu kidogo juu yake, kazi inabadilika. Hata ubongo wetu wenyewe unageuza progesteroni kuwa steroidi nyingine inayotuliza.

Jina kubwa halikumkinga. Aliponunua nyumba Oak Park, mwaka 1950 watu walijaribu kuichoma. Mwaka 1951 wakatupa dinamiti. Hakuhama. Alifariki mwaka 1975.

Ndugu wasikilizaji, deksametazoni ni ya ukoo huo huo wa hidrokotizoni. Wapo wanaoimeza ili wanenepe tu. Inaokoa maisha ikiandikwa na munganga, lakini bila yeye inaweza kupandisha presha na sukari na kudhoofisha kinga ya mwili. Na ukiizoea, kuiacha ghafla ni hatari. Anayetafuta uzito, soja iko sokoni.